Kichocheo Kinachozuia Moto

Katika madaftari ya kemia ya wanafunzi wetu wa sekondari imo sentensi moja ambayo karibu kila mmoja wao anaijua kwa ghibu: kichocheo ni kitu kiongezacho kasi ya mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kubadilika. Mwanafunzi akiiandika katika mtihani hupewa alama zake. Mwalimu naye hawezi kulaumiwa kwa kuifundisha, kwani ndivyo alivyofundishwa. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba sentensi hiyo, kwa jinsi inavyokaririwa, inamzuia mwanafunzi asielewe sehemu kubwa ya kemia ya viwanda, na hasa ile ihusuyo gesi asilia, mali ambayo nchi yetu imejaliwa kuwa nayo.

Neno letu lenyewe limezidisha tatizo. Kuchochea ni kusogeza kuni mekoni ili moto uwake. Na mchochezi ni mtu atiaye maneno ili ugomvi usizimike. Basi mwanafunzi asikiapo neno kichocheo hupata mara moja picha ya moto unaozidi. Sina nia ya kupendekeza neno jingine, maana hili limekwisha kuzoeleka na wanaistilahi wana kazi nyingine za kufanya. Lakini yafaa mwalimu awaonye wanafunzi wake kwamba viko vichocheo, tena vyenye thamani kubwa kuliko vyote viwandani, ambavyo sifa yao si kuuzidisha moto bali ni kuuzuia usifike mwisho.

Tuchukue hidrokaboni nyepesi, yaani methani, ethani, propani na butani. Kuziunguza ni jambo rahisi. Kila mwenye jiko la gesi hufanya hivyo kila siku. Molekuli ya methani ikiungua kabisa hutoa dioksidi ya kaboni na maji, pamoja na joto la kilojuli zipatazo 802 kwa kila moli, tukihesabu maji yakiwa mvuke. Tungeweza kuusimamisha uunguaji huo mapema, methani ikaongezewa atomu moja tu ya oksijeni, tungepata methanoli, nalo joto litokalo lingekuwa kilojuli zipatazo 126 tu. Methanoli ni malighafi ya gundi, rangi na plastiki. Dioksidi ya kaboni haina faida hiyo. Tofauti kati ya mali na moshi, basi, ni kujua kusimama njiani.

Na kusimama njiani ndiko kugumu. Kifungo kati ya kaboni na hidrojeni katika methani huhitaji kilojuli zipatazo 439 kwa moli ili kikatike. Katika methanoli, kifungo cha namna hiyo huhitaji zipatazo 402. Katika formaldehidi, ambayo ni hatua ifuatayo, huhitaji zipatazo 370 tu. Maana yake ni kwamba kila hatua tunayoifikia ni dhaifu kuliko ile tuliyotoka. Joto na oksijeni vyenye nguvu za kuivunja methani vina nguvu zaidi ya kutosha kuyavunja mazao yake. Ni sawa na mtu apasuaye kifuu cha nazi kwa shoka akitaka yai lililomo ndani libaki zima. Kichocheo kinachoongeza kasi tu, bila kuchagua, hakimsaidii mtu huyo. Kinampa shoka kubwa zaidi.

Kwa hiyo katika elimu hii zinatumika hesabu tatu, si moja. Ya kwanza ni ugeuzaji: katika kila molekuli mia za malighafi zilizoingia, ni ngapi zilizobadilika? Ya pili ni uteuzi: katika hizo zilizobadilika, ni ngapi zilizokuwa kile tulichokitaka? Ya tatu ni mavuno, nayo hupatikana kwa kuzidisha mbili za kwanza. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili, lakini nimepitia maswali mengi ya mitihani ya vichocheo bila kuliona neno uteuzi hata mara moja. Maswali yote huuliza juu ya kasi.

Kasoro ya pili ya ile sentensi ni maneno “bila chenyewe kubadilika”. Mwaka 1954 wanakemia wawili wa Uholanzi, Pieter Mars na Dirk Willem van Krevelen, walichapisha uchunguzi wao juu ya uoksidishaji wa naftalini na vitu vya namna hiyo juu ya oksidi ya vanadi. Walieleza kwamba mmenyuko huo hufuata hatua mbili. Kwanza hidrokaboni huchukua oksijeni iliyo ndani ya oksidi yenyewe, ikaacha pengo katika mpangilio wa fuwele. Kisha oksijeni ya hewani huja kuliziba pengo hilo. Kichocheo basi hubadilika, tena hubadilika kila mara. Isipokuwa hurudia hali yake ya kwanza kila mzunguko ukamilikapo. Atomu ya oksijeni iliyomo katika zao si lazima iwe ile iliyotoka hewani dakika ile. Yaweza kuwa ilikuwa sehemu ya kichocheo tangu asubuhi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa katika maabara ya shule yoyote yenye waya wa shaba. Mwalimu aukunje waya uwe kama springi, aushike kwa koleo na kuupasha moto mpaka uwe mwekundu, kisha autoe motoni. Utageuka mweusi, kwa kuwa uso wake umekuwa oksidi ya shaba. Ukiwa ungali moto, auteremshe ndani ya mdomo wa bomba la majaribio lenye matone machache ya ethanoli, mbali na taa, bila kuugusisha kwenye kiowevu. Weusi utatoweka na shaba itang'aa kama mpya. Nayo harufu ya ethanoli itachanganyika na harufu nyingine, kali kidogo, ya matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni ethanali. Mvuke wa ethanoli umeipokonya oksidi ile oksijeni yake ili kuifunga hidrojeni iliyotoka katika ethanoli. Waya ukirudishwa hewani ungali na joto, weusi hurudi. Mwanafunzi aliyeuona waya ukibadilika rangi mara tano mfululizo hataandika tena kwamba kichocheo hakibadiliki. (Ethanoli hushika moto upesi, hivyo chupa yake iwekwe meza nyingine, na methanoli isitumike badala yake, kwa kuwa ni sumu.)

Sasa ndipo tufikapo kwenye jambo ambalo limenifanya niandike makala hii. Ikiwa oksijeni ya ndani ya oksidi ndiyo ifanyayo kazi, basi twaweza kuiongoza kazi hiyo kwa kuibadilisha oksidi yenyewe. Haihitaji kubadilishwa sana. Hutosha kuingiza ndani ya fuwele yake atomu chache za elementi nyingine, pengine moja kwa kila mia au pungufu ya hapo. Napendelea kuuita ufundi huu uungaji, kama mpishi aungavyo mchuzi, na ile elementi ngeni kiungo. Iliki chache hazizidishi uzito wa sufuria ya pilau, lakini hakuna alaye asizitambue.

Mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wetu ni oksidi ya magnesi. Kila aliyepita kidato cha kwanza ameuona utepe wa magnesi ukiwaka kwa mwanga mkali na kuacha jivu jeupe. Jivu hilo ni oksidi ya magnesi. Katika fuwele yake, kila atomu ya magnesi imetoa elektroni mbili na kila atomu ya oksijeni imepokea mbili. Hesabu za chaji zimelingana, na kwa sababu hiyo oksidi hiyo ni tulivu sana. Tuseme sasa kwamba hapa na pale tunaiondoa ioni ya magnesi na kuweka ya lithi mahali pake. Kwa ukubwa zinakaribiana: nusukipenyo cha ioni ya magnesi ni kama pikomita 72 na cha lithi ni kama 76, hivyo mgeni anaenea katika kiti cha mwenyeji. Lakini lithi hutoa elektroni moja tu. Oksijeni mojawapo jirani hukosa elektroni yake ya pili, ikabaki na upungufu. Oksijeni yenye upungufu wa namna hiyo hutafuta cha kujikamilishia, na inapopitiwa na methani hunyakua atomu moja ya hidrojeni.

Methani iliyonyang'anywa hidrojeni moja huwa kipande kiitwacho methili. Vipande viwili vya methili vikikutana katika gesi, juu ya uso wa fuwele, huungana na kuwa ethani. Nayo ethani kwa joto lile lile huweza kupoteza hidrojeni na kuwa ethini, msingi wa plastiki ya polithini. Mwaka 1982 Keller na Bhasin, watafiti wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba methani yaweza kuunganishwa kwa njia ya oksijeni juu ya oksidi mbalimbali za metali. Mwaka 1985 Tomoyasu Ito na Jack Lunsford walichapisha matokeo yao juu ya oksidi ya magnesi iliyoungwa kwa lithi. Kwa joto la nyuzi 720 za Selsiasi, katika kila molekuli mia za methani zipatazo 38 zilibadilika, na karibu nusu ya hizo zikawa ethani na ethini. Mavuno basi ni kama 19 katika mia. Kwa gesi ambayo wengi waliidhani kuwa haifai ila kuchomwa, hayo yalikuwa matokeo makubwa, na maabara nyingi duniani ziliiacha kazi nyingine na kuifuata hii.

Ningependa mwalimu asiishie hapo, maana yaliyofuata yanafundisha zaidi. Kwanza, lithi haikukaa. Kwa joto la nyuzi 700 na zaidi huungana na dioksidi ya kaboni, au huondoka kama mvuke, au huila mirija ya kioo cha kwazi iliyotumika katika majaribio. Na kichocheo huchoka. Pili, maelezo yale mazuri ya oksijeni iliyopungukiwa elektroni yametiwa shaka. Watafiti wa Ujerumani, katika kazi zilizochapishwa kuanzia mwaka 2010, waliitafuta oksijeni hiyo katika vichocheo vya namna hii wasiione kwa kiasi ambacho kingeeleza kazi inayofanyika. Waliona kwamba lithi hufanya kazi nyingine: inapoingia na kutoka, huuchimba uso wa fuwele ukawa na ngazi, kingo na pembe nyingi, na huko ndiko methani hushikwa. Kwa maelezo hayo kiungo si mwenyeji aliyekaa kitini. Ni fundi aliyepita, akabomoa ukuta na kwenda zake.

Wako watakaosema kwamba habari za mabishano ya wataalamu hazimfai mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa zitamchanganya. Sikubaliani nao. Mwanafunzi huchanganyikiwa anapopewa majibu mawili bila kuambiwa yalipatikanaje. Akiambiwa kwamba hesabu ya chaji katika fuwele ni sahihi, kwamba ilitabiri oksijeni ya namna fulani, na kwamba watu walipokwenda kuitafuta hawakuiona, ameelezwa jinsi sayansi inavyofanya kazi, na ameelezwa kwa mfano anaoweza kuufuata kwa penseli na karatasi.

Ufundi wa kuunga oksidi haukukwama maabara, na hapa methani ndiyo imekuwa ngumu kuliko ndugu zake. Tazama butani, ile ile iliyomo katika mitungi ya gesi ya kupikia. Anhidridi ya maleiki, ambayo hutumika kutengenezea resini za poliesta za mashua na matangi ya nyuzi za kioo, zamani ilitokana na benzini yenye kaboni sita. Zao lina kaboni nne. Mbili zilitupwa bure kama dioksidi ya kaboni, na wafanyakazi walikaa karibu na benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Tangu mwaka 1974, Monsanto ilipoanza kuitumia butani nchini Marekani, viwanda vingi vimehamia katika njia hiyo mpya. Kichocheo ni oksidi ya vanadi na fosforasi, nacho hufanya kazi kwenye nyuzi zipatazo 400. Kazi inayofanyika juu ya uso wake ni ya kustaajabisha: kutoka katika molekuli moja ya butani huondolewa hidrojeni nane, huingizwa oksijeni tatu, na kaboni zote nne hubaki zimeshikana. Katika butani inayobadilika, kiasi cha theluthi mbili huwa zao linalotakiwa. Viwanda huongeza humo viungo kama vile kobalti, chuma, zinki, molibdeni au niobi kwa viwango vidogo, na mapishi hayo hulindwa kwa hataza.

Au tazama akrilonitrili, ambayo nyuzi za masweta na mablanketi ya akriliki hutokana nayo. Kampuni ya Standard Oil ya Ohio iligundua mwaka 1957 kwamba propini, amonia na hewa vikipitishwa pamoja juu ya oksidi ya bismuthi na molibdeni yenye fosforasi hutoa zao hilo kwa hatua moja, na kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Lima, Ohio, mwaka 1960. Katika miaka iliyofuata oksidi hiyo iliungwa kwa chuma, kobalti, nikeli, potasi na vinginevyo. Kila kimoja kina kazi yake: chuma husaidia kuipitisha oksijeni kutoka hewani hadi palipo na pengo, nayo potasi hutuliza sehemu za asidi ambazo zingeharibu mazao. Leo mavuno yamefikia kiasi cha 80 katika mia. Hakuna aliyeipata orodha hiyo ya viungo kwa kufikiri tu kwenye kiti. Ilipatikana kwa maelfu ya majaribio, mengi yakiwa hayana faida, yaliyofanywa na watu waliozijua vema hesabu za chaji na ukubwa wa ioni, na ambao hawakuchoka kupima.

Nchini mwetu gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Karibu yote ni methani. Sehemu kubwa huchomwa kuzalisha umeme, nyingine katika viwanda, kikiwamo cha saruji cha Wazo Hill. Si vibaya, umeme ni haja. Lakini kila inapozungumzwa habari ya gesi, husikika maneno ya kwamba tutaigeuza kuwa plastiki na kemikali, kana kwamba jambo hilo ni la kutia sahihi tu. Hapo ndipo kijana aliyefundishwa uteuzi anapotofautiana na aliyefundishwa kasi. Wa kwanza atauliza: kwa njia ipi? Ikiwa ni mbolea au methanoli, njia ipo na ni ya zamani: methani na mvuke juu ya nikeli hutoa monoksidi ya kaboni na hidrojeni, kisha hizo hujengwa upya. Ni njia ndefu, yenye kula joto jingi, lakini inajulikana. Ikiwa ni njia ya mkato ya kuiunganisha methani moja kwa moja, atataka kuonyeshwa mavuno, na atauliza kichocheo kinadumu muda gani. Kiwanda cha majaribio cha njia hiyo kilifunguliwa huko Texas mwaka 2015, na bado njia hiyo haijachukua nafasi ya ile ya kupasua ethani na nafta kwa joto.

Kwa maoni yangu nchi haina sababu ya kuisubiri njia ya mkato, wala haina sababu ya kuidharau. Vifaa vya kuchunguzia oksidi zilizoungwa si vya anasa: tanuri, mirija, mitungi ya gesi, na mashine ya kupima mchanganyiko wa gesi, ambayo hupatikana katika vyuo vikuu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuzoea, tangu shule, kuiona oksidi kama kitu chenye nafasi, mapengo na hesabu, na si kama unga mweupe au mweusi ulioandikwa jina katika chupa. Hata neno uchafu lastahili kuangaliwa upya. Tunamfundisha mwanafunzi kuuondoa uchafu kwa kuchuja na kufuwelisha, na ni sawa. Lakini afundishwe pia kwamba uchafu uliopimwa, ukawekwa makusudi mahali pake, ni kiungo. Wenzetu wa fizikia hulisema hilo wafikapo kwenye transista. Sisi wa kemia hatulisemi.

Simwombi mwalimu aongeze mada katika muhtasari ambao tayari haumaliziki. Vipindi viwili vyatosha, kimoja cha waya wa shaba na kimoja cha hesabu. Kwa hicho cha pili napendekeza swali kama hili. Methani molekuli 1,000 zinapitishwa pamoja na oksijeni juu ya kichocheo A, na nyingine 1,000 juu ya kichocheo B. Juu ya A zinabadilika 900, lakini ni 45 tu zinazoishia katika ethani na ethini, zilizobaki zikawa oksidi za kaboni. Juu ya B zinabadilika 200, na 150 kati ya hizo zinaishia katika ethani na ethini. Tafuta ugeuzaji, uteuzi na mavuno ya kila kichocheo. Kisha eleza yafaa kufanywa nini na zile molekuli 800 ambazo B haikuzigusa, na kwa nini hakuna la kufanya na zile 855 ambazo A imekwisha kuziunguza.